SOMO: Kumfuata mtoto wa kuasili nje ya nchi, kutoka Kasama mpaka Dodoma

Ndugu zangu, somo hili nimeliahidi tangu mwaka jana nikawa napiga danadana. Leo nimekaa. Wengi mkinipigia mnauliza jambo moja: "Ulimvushaje mpaka?" Kuvuka mpaka kulituchukua chini ya saa moja. Kumfanya binti akubali kupanda basi na mimi kulichukua siku kumi na tisa, na hapo ndipo nitakapokaa kwa urefu.

Kwa wasionijua: mdogo wangu wa mwisho aliolewa Kasama, kaskazini mwa Zambia. Mumewe alitangulia mbele za haki, naye akafuata. Wakaacha binti wa miaka minne, akabaki kwa bibi mmoja jirani waliyekuwa wakisali naye. Ukoo ulipokaa hapa Kikuyu, Dodoma, ikaamuliwa tumchukue mimi na mume wangu. Shangazi mmoja akauliza, karatasi za nini, mtoto wa mdogo wako si wako tayari? Kwa mila ni wangu, mimi ndiye mama yake mkubwa toka anazaliwa. Ila mpakani, kwenye bima na siku ya mirathi, hakuna dirisha linaloandikwa "mama mkubwa".

HATUA YA KWANZA: Jua mtoto ni raia wa nani

Anzeni hapa kabla ya kukata tiketi. Sisi tulishamwita "Mzambia wetu" mpaka ofisa mmoja wa uhamiaji akatuuliza mama yake alizaliwa wapi. Alizaliwa Dodoma. Basi sheria yetu ya uraia inasema mtoto aliyezaliwa nje, ambaye baba au mama yake ni Mtanzania wa kuzaliwa, ni raia kwa kurithi. Kumbe tulikuwa tunakwenda kumleta Mtanzania nyumbani kwao! Jambo hilo moja lilibadilisha ofisi za kwenda na karatasi za kuomba. Akifika miaka 18 atachagua upande, maana mtu mzima kwetu haruhusiwi uraia wa nchi mbili.

Kama mtoto si wa damu ya Mtanzania, usidhani amri ya kuasili inamgeuza raia siku hiyo hiyo. Njia yake ni ya tajinisi, yaani kuombewa uraia, na ina foleni yake. Uliza uhamiaji mapema.

HATUA YA PILI: Karatasi za nyumbani

Barua ya mwenyekiti wa mtaa, muhuri wa mtendaji wa kata, kisha ofisa ustawi wa jamii wa jiji. Yule dada alikuja nyumbani mara mbili. Aliangalia mtoto atalala wapi, akawatoa wanangu nje chini ya mwarobaini akaongea nao bila sisi. Nilinuna. Lakini ripoti yake ndiyo karatasi iliyosomwa kuliko zote kule Zambia, kwa hiyo mkaribisheni vizuri.

Elewa pia kwamba kuasili kwa Tanzania Bara kunaamuliwa na Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwetu tulikwenda kwa ngazi mbili: amri ya ulezi kule Zambia ili aruhusiwe kutoka na sisi, kisha maombi ya kuasili hapa baada ya mtoto kuishi nasi chini ya jicho la ustawi. Sisi wa Dodoma tuna nafuu, wizara inayohusika iko Mtumba, unakwenda na kurudi siku moja.

Onyo dogo: msinakili utaratibu wa Wazungu mnaousoma mtandaoni. Upo Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi. Zambia ilijiunga mwaka 2015, Tanzania haimo. Mlolongo wa mtu anayetoka Ulaya si wa kwako.

HATUA YA TATU: Karatasi za kule, na watu wa kule

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili, kadi ya kliniki yenye chanjo, maandishi ya ustawi wa jamii wa kwao, amri ya ulezi. Kila kimoja nakala tano. Mimi nilibeba mbili nikaishia kutafuta duka la fotokopi mvua ikininyeshea.

Wazee wetu walikuwa na hofu moja, nami niliibeba mpaka Kasama. Kwa Wagogo mtoto ni wa ukoo wa baba. Tunakwendaje kuchukua mtoto wa watu? Nilijiandaa kwa maneno ya kuomba, kitenge cha kuwapa mashangazi, kila kitu. Ndugu wa baba wakanishangaa. Wao ni Wabemba, na Wabemba huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mzee wao akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba walikuwa wanajiuliza mbona tumechelewa kuja kumchukua mtoto wetu. Niliona aibu. Barua ya ridhaa waliitia sahihi jioni ile ile, na kitenge walipokea.

Sasa kosa langu kubwa. Ubalozi wetu uko Lusaka, zaidi ya kilomita 800 kusini mwa Kasama, na mpaka wa kurudi nyumbani uko kaskazini. Nilikwenda kwa mtoto kwanza. Siku ya sita, ameanza kukubali nimvalishe viatu, ikabidi nimwache nishuke Lusaka kufuatilia hati yake ya dharura ya safari. Siku nne. Niliporudi alijificha nyuma ya mlango, na viatu akawa anavalishwa na bibi. Kwa hiyo fanya Lusaka kwanza, au mji wowote wenye ubalozi wetu. Picha na nakala watumiwe mapema, uliza kabisa kama wanataka mtoto awepo. Ukishamwona mtoto usiondoke tena mpaka mwondoke wote.

HATUA YA NNE: Kukaa kwake kabla hajakaa kwako

Mume wangu alipendekeza siku tatu. Kila ndugu alipendekeza siku tatu, sijui waliitoa wapi.

Siku ya kwanza usimnyanyue. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti anakula mihogo, nikataka kumkumbatia kwa machozi yangu yote ya msiba. Bibi akanishika mkono akaniketisha naye kumenya karanga. Tulimenya mpaka jua likazama. Mtoto alinitazama tu, na mimi nikajitahidi nisimtazame sana. Anafanana na mama yake kwenye nyusi, ilikuwa kazi.

Jifunze maneno matano ya lugha yake. Mimi nilikuwa na *amenshi*, maji, na *insala*, njaa. Na hapa nilijikwaa vibaya. Nilimsikia anamwita yule bibi "mama", nikalia usiku kucha nikidhani amemsahau mdogo wangu. Asubuhi mpangaji mmoja akanicheka: kwa Kibemba *mama* ni bibi. Mama mzazi ni *mayo*.

Angalia anavyoogeshwa na anavyolazwa. Wetu alikuwa anasinzia akiwa ameshika ncha ya chitenge cha bibi. Nilimwomba bibi kile chitenge, nikamnunulia kipya sokoni, na nikaomba kisifuliwe. Kilikuja Dodoma na jasho na moshi wake. Kama kuna kitu kimoja mtachukua kwenye somo hili lote, chukueni hicho.

Chakula pia. Kwao ugali ni *ubwali*, na mboga anayoipenda ni *ifisashi*, majani yaliyopikwa na karanga zilizotwangwa. Nilipika na bibi mpaka mtoto akaacha kunusa sahani yangu kabla ya kula. Kufika hapa nikagundua ni mchicha wetu wa karanga, tofauti ni ndogo. Mlenda hajaukubali mpaka leo.

Na bibi mwenyewe msimsahau. Amemlea mtoto miezi kumi na moja bila kulipwa, halafu unakuja unambeba. Tulikubaliana atamwambia mtoto kwa kinywa chake, mchana, mbele yangu, kwamba anakwenda na mimi na kwamba yeye bibi anajua na ameridhika. Wapo walioshauri tumchukue usingizini. Jamani, mtoto aliyezikiwa wazazi wawili, aamke kwenye basi na mtu mwingine?

HATUA YA TANO: Njiani

Basi mpaka Nakonde, kuvuka kwa miguu, Tunduma, halafu Mbeya, Iringa, Mtera, stendi ya Nzuguni. Tulilala Nakonde, tukalala Mbeya. Usiunganishe.

Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Wakati wa kwenda haikuumizi. Wakati wa kurudi nilifika stendi ya Tunduma nikijisifu nimewahi, kumbe simu bado inasoma saa ya ng'ambo na basi limeondoka.

Pale mpakani ofisa alimchukua mtoto pembeni kidogo, akamuuliza kwa Kibemba mimi ni nani. Moyo ulisimama. Mtoto akanyoosha kidole kwenye mkoba wangu wenye chitenge. Ofisa akasoma karatasi zote moja moja, akagonga muhuri. Kadi za homa ya manjano ziliulizwa pia. Weka karatasi zote kwenye faili moja shingoni au kwapani, si kwenye begi la chini ya basi.

HATUA YA SITA: Kufika

Hapa nitakuwa mfupi. Msifanye sherehe. Sisi tulikuta watu arobaini na spika. Mtoto akatapika. Mama yangu ndiye aliyeokoa jahazi, alimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa", akampa kikombe cha maji akamwacha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Vai, Manyoni: Shikamoo dada. Mimi sina undugu, ila kuna mtoto nimemwona kwenye kituo Kenya na kuna mtu ameniahidi kunisaidia nikimtumia hela ya awali.
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usitume hata shilingi. Kenya ilisimamisha kuasili kwa wageni Novemba 2014, Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018. Anayekuahidi njia ya mkato muulize barua yake ya serikali iko wapi. Nenda ustawi wa jamii hapo Manyoni kwanza, na hapa nchini watoto wanaohitaji mzazi wapo.

Kijana wa Kondoa: Nina miaka 23, naweza kumwasili mtoto wa marehemu dada yangu au ni mdogo mno?
Jibu: Kwa ndugu wa mtoto sheria inaanzia miaka 21. Asiye ndugu ndiye anatakiwa awe na 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Jiandae kuulizwa kazi yako na nani atabaki naye mchana.

Mjomba Chidawali, Mpwapwa: Gharama jumla? Usizunguke.
Jibu: Sizunguki mjomba, nauli na kwacha zinapanda kila nikigeuka, nikitaja namba nitakudanganya. Ninachojua ni kwamba nauli haikuwa mzigo. Pesa ilikwenda kwenye kulala siku kumi na tisa na ile safari ya Lusaka ambayo nimeshakwambia ungeipanga vizuri kuliko mimi.

Dereva mstaafu: Madereva wa malori wa Tunduma tunafahamika na kila mtu. Si ungempa mmoja akamleta? Ni mtoto mdogo, hata haonekani.
Jibu: Baba, kwa heshima, hapana. Kutoonekana ndiyo shida yenyewe. Tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, na mtoto aliyepitishwa bila muhuri hatakuwa na pa kuanzia hata siku ya kuomba cheti. Mpiga debe mmoja aliniambia habari za njia za panya nikiwa nimechoka hasa. Nilimnunulia soda nikaendelea na foleni.

Mwalimu, Bahi: Jina mmembadilisha?
Jibu: Hapana. Wabemba humpa mtoto jina la mtu wa ukoo aliyetangulia, wanaamini roho yake inamlinda. Tumeongeza la kwetu mbele, lile limebaki. Shuleni walimu wanalikosea, anawasahihisha mwenyewe.

Mama Vai, Manyoni (tena): Samahani kwa swali la pembeni. Sasa hivi anakuitaje?
Jibu: Miezi mitatu hakuniita chochote, alikuwa anavuta gauni. Kisha akaanza "mama" kwa kuwaiga wanangu, na mimi peke yangu humu ndani nilijua ananiita bibi. Mwezi uliopita amepata malaria, usiku wa manane akaniita *mayo*. Niliitika.