Kiharusi kinapokuja kama usingizi

Baba hakupinda mdomo. Mikono yote miwili ilikuwa na nguvu. Nilimkuta ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, amelala. Nikimwamsha anaitika, kisha anazama tena. Tukasema ni uchovu, tukamwacha apumzike. Saa 3 zikapotea hivyo, na mpaka leo zinaniuma.

Kama unaishi na mtu mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kama baba, usisubiri apooze upande mmoja. Katika moyo wa namna hiyo damu hutuama, ikaganda, na donge likichomoka huweza kupanda ubongoni. Thalamasi, sehemu za ubongo zinazosaidia kutuweka macho, ziko mbili, na kwa kawaida kila moja ina vimishipa vyake. Watu wachache huzaliwa na mshipa mmoja unaolisha zote mbili: ateri ya Percheron, iliyopewa jina la Gérard Percheron aliyeieleza miaka ya 1970. Mshipa huo mmoja ukiziba, pande zote mbili zinakosa damu kwa pamoja.

Mtu akilala ghafla na haamki vizuri, ita gari la wagonjwa kwanza. Mengine fanya ukisubiri. Mlaze ubavu. Usimpe maji wala kidonge, hata aspirini. Andika saa aliyoonekana mara ya mwisho akiwa mzima, siyo saa uliyomkuta, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo. Beba dawa zake zote. Akiweza kufumbua macho, mwambie afuate kidole chako bila kusogeza kichwa. Baba alikifuata kulia na kushoto. Nilipokipandisha juu, macho yalikwama katikati. Hata akikifuata vizuri, safari ya hospitali iko palepale.

Picha ya kwanza ya kichwa, ya CT inayopigwa kwa eksirei, huweza kutoka safi. Ya baba ilitoka safi, wakaanza kutafuta sukari na maambukizi, jambo ambalo ni sahihi kulipima. Lakini wewe sema wazi, na uulizie MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku: “Ana ugonjwa wa moyo, saa fulani alikuwa mzima, ghafla haamki. Je, inaweza kuwa kiharusi cha thalamasi? MRI inawezekana?” MRI ya baba ilionyesha madoa mawili meupe, yametazamana kama pacha.

Tuligundua baadaye kwamba alikuwa ameacha dawa ya kuzuia damu kuganda kwa kuwa alijisikia vizuri. Asiiache mgonjwa wako bila daktari kusema. Siku hizi kila jioni nahesabu vidonge pamoja na baba, kisha namwomba atazame dari.