Kupima jinsi ishara moja ya mwanga inavyozungusha polaraizesheni ya nyingine ndani ya faiba

Hivi karibuni nilimsaidia mwanafunzi kuandaa jaribio hili, naye akakwama palepale nilipowahi kukwama mimi. Ndani ya kioo cha faiba, kasi ya mwanga hubadilika kidogo kulingana na nguvu ya mwanga uliomo, jambo linaloitwa athari ya Kerr. Na kwa kuwa badiliko hilo halilingani katika pande zote, ishara yenye nguvu huizungusha polaraizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa wimbi la mwanga) ya ishara dhaifu inayosafiri pamoja nayo.

Hatua ya 1. Andaa leza mbili zilizo karibu na nanomita 1550, zikipishana kwa nanomita chache tu, pamoja na faiba ya kawaida ya kilomita 20. Moja ipitishe kwenye amplifaya iwe ishara yenye nguvu; ya pili ndiyo ishara dhaifu.

Hatua ya 2. Tikisa fezi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake) ya ishara yenye nguvu ili upana wa masafa yake uongezeke, la sivyo mtawanyiko wa Brillouin, yaani mwanga kurudishwa nyuma na mawimbi ya sauti ndani ya kioo, utairudisha sehemu kubwa ya mwanga huo ulikotoka.

Hatua ya 3. Panga polaraizesheni za ishara zote mbili. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, kwa sababu nilidhani kwamba ishara zilizokingamana kwa digrii 90 ndizo zitakazoathiriana zaidi, kumbe haukutokea mzunguko wowote. Kwenye tufe la Poincaré, mchoro ambamo kila polaraizesheni huonyeshwa kwa mshale unaotoka katikati hadi nukta moja juu ya tufe, pembe kati ya polaraizesheni mbili nyoofu huwa maradufu, hivyo zile digrii 90 huwa 180 na mishale ya ishara hizo hulala kwenye mhimili mmoja. Mshale wa ishara dhaifu huzunguka kuuzunguka ule wa ishara yenye nguvu, nao ukishakuwa juu ya mhimili huo hauna pa kuzungukia. Weka digrii 45. Virekebishi vya polaraizesheni viwe kabla ya kapla (kifaa kinachoziunganisha ishara mbili ziingie kwenye faiba moja), kimoja kwa kila leza, kwa maana kilichowekwa baada yake huzigeuza ishara zote mbili kwa pamoja na pembe kati yao haibadiliki. Mimi hupendelea vile vya kugeuza kwa mkono, kwani hutulia vikishaachwa. Pembe hiyo ipime kwenye tundu la pili la kapla, kisha bandika faiba zote mezani kwa utepe, kwa kuwa ukiikunja faiba yoyote kati ya kirekebishi na kapla itakubidi uanze upya. Usizitenganishe leza kwa makumi ya nanomita, maana mishale hiyo itaachana njiani na athari itafifia.

Hatua ya 4. Mwishoni mwa faiba, ondoa ishara yenye nguvu kwa kichujio, kisha soma polarimita (kipima polaraizesheni) huku ukiongeza nguvu ya ishara hiyo. Pembe ya mzunguko kwenye tufe, kwa radiani, ni 8/9 mara kizidishi cha Kerr cha faiba (kipimo cha ukubwa wa athari hiyo), mara nguvu inayoingia, mara urefu fanisi, yaani urefu wa faiba uliopunguzwa kwa kuzingatia upotevu wa mwanga njiani. Kwa miliwati 100, kizidishi cha 1.3 kwa wati kwa kilomita, na upotevu wa desibeli 0.2 kwa kilomita, urefu fanisi ni takribani kilomita 13 na mzunguko unakaribia digrii 87. Kabla na baada ya kila usomaji, zima ishara yenye nguvu na uandike nukta ya ishara dhaifu kwenye tufe. Nukta hizo mbili zisipolingana, faiba imehama na usomaji huo utupwe.