Duka la Mangi msimu wa baridi: bidhaa zisiharibike, nawe usigande

Arusha ikishaingia Juni, mawingu hushuka kutoka Mlima Meru na kukaa juu ya mapaa mpaka saa nne, saa tano asubuhi. Manyunyu yenyewe hayamloweshi mtu njiani, lakini yanalowesha sukari iliyo ndani ya duka. Hali inaendelea hivyo mpaka Agosti. Wa Ngaramtoni na Sakina huipata kali kuliko walio chini kule Usa River. Kwa upande wa Moshi, anayeijua vizuri ni Mangi, yaani mwenye duka, wa Kibosho au Marangu. Mjini ni nafuu.

Wenye maduka wengi hukosea mahali pamoja. Wanaona shida ni baridi, kwa hiyo wanafunga dirisha, wanaziba matundu ya juu ya ukuta kwa maboksi, kisha wanawasha jiko ndani. Joto linapatikana kweli, na baada ya wiki mbili unga unanuka uvundo na viberiti haviwaki. Kinachoharibu bidhaa msimu huu ni unyevu. Basi fanya kinyume: duka liache lipumue hata kama ni baridi, joto lipeleke mwilini mwako.

Jasho la bati

Anza juu. Asubuhi ukikuta magunia yana madoa ya maji na usiku mvua haikunyesha, usikimbilie kumwita fundi wa paa. Saa kumi na mbili, kabla jua halijatoka, panda kwenye kiti upitishe kiganja chini ya bati. Likiwa limelowa eneo zima, matone madogo madogo yamejipanga hata mbali na misumari, hilo ni jasho: hewa ya ndani yenye mvuke imegusa bati lililopoa usiku, ikageuka maji. Maji yakiwa yamezunguka msumari mmoja tu, au yamefuata mstari kutoka kwenye maungio ya mabati, hapo paa linavuja kweli na fundi anahitajika.

Dawa ya jasho ni hewa kupita. Matundu kati ya ukuta na paa yaache wazi, uyawekee wavu wa chuma wenye matundu madogo ili panya wasiingie. Yawepo pande mbili zinazotazamana. Ya upande mmoja hayasaidii kitu kwa sababu hewa haina pa kutokea. Kama uwezo upo, weka dari. Kama haupo, funga turubai juu ya sehemu yenye unga na sukari, likiwa limeachana na bati kwa shubiri moja, na upande mmoja uwe chini kuliko mwingine ili matone yateleze mpaka kwenye ndoo. Turubai lililofungwa sawasawa bila mteremko hukusanya maji katikati, na siku likielemewa huyamwaga yote juu ya kiroba.

Na usichemshe maji ndani ya duka. Sufuria moja ya lita mbili iliyoachwa ichemke mpaka ikakauka imepeleka lita mbili za maji hewani, na usiku zote zinatafuta bati.

Sukari, chumvi, unga na nafaka

Magunia yakae juu ya chaga za mbao, angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, na yasiegemee ukuta. Saruji hunyonya maji kutoka ardhini na kuyapandisha taratibu. Gunia lililolazwa juu yake huwa kavu kwa juu na bichi kwa chini, na hutajua mpaka utakapofika chini. Acha nafasi ya kupitisha mkono kati ya gunia na ukuta.

Chumvi huanza kunyonya maji ya hewani unyevu unapopita asilimia 75 hivi. Sukari huvumilia mpaka karibu 85. Asubuhi za Julai unyevu hupita viwango vyote viwili. Ndiyo maana chumvi huanza kulia kabla sukari haijaonyesha dalili: ukiona pakiti ya chumvi iliyofunguliwa imekuwa na majimaji, jua zamu ya sukari iko karibu. Sukari haigandi wakati inalowa. Punje hulainika juu juu asubuhi, mchana jua likitoka zinakauka huku zimeshikana, na ndipo unapata mabonge. Ukiyaponda kwa mti juu ya gunia unapata unga wa sukari ambao utaganda vibaya zaidi kesho yake. Vunja kwa mkono, pitisha kwenye chekeche, kisha hamishia kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Ndoo hiyo hubeba kilo 16 au 17. Gunia lenyewe likifunguliwa, lifungwe kwa kamba kila baada ya kuchota, na si kukunjwa mdomo tu.

Kama una desturi ya kupima robo na nusu mapema ili mteja akisema "Mangi, sukari robo na majani" umkabidhi papo hapo, usipime asubuhi. Pima kati ya saa saba na saa kumi mchana, hewa inapokuwa kavu kuliko nyakati zote za siku. Kilichofungwa na unyevu wa asubuhi hubaki nao humo ndani ya kifuko.

Mahindi na maharage ya jumla, hasa unaponunua soko la Kilombero hapa Arusha msimu huu, yapime kwa chupa kabla hujalipa. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu (ukiwa na wasiwasi ikaange kidogo, kisha ipoe), jaza nafaka mpaka theluthi moja, funga, tikisa dakika moja, uiache dakika 15. Chumvi ikidondoka chini yote, nafaka inafaa. Ikigandamana kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mzigo huo utaota ukungu dukani kwako. Muuzaji akikasirika, acha akasirike. Ukungu wa mahindi na karanga huleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga zilizobadilika rangi au kusinyaa usizichanganye na nzima ili ziishe.

Viberiti weka ndani ya debe lenye mfuniko, mbali na mkaa. Mkaa ukae peke yake na ufunikwe, kwa kuwa ukinyonya maji hutoa moshi na kurusha cheche, na mteja atakurudishia.

Mafuta yaliyoganda

Hapa maneno na wateja huwa mengi, hivyo elewa vizuri ili uweze kueleza. Mafuta ya mawese, na yale yaliyochanganywa nayo, baridi ikizidi huwa na mawingu meupe, kisha sehemu nzito hushuka chini ya dumu. Hayajachakachuliwa wala hayajaharibika. Ya alizeti hubaki maangavu. Ya nazi huganda kabisa joto likishuka chini ya nyuzi 24, maana yake Arusha yanaganda karibu kila usiku. Asali nayo hufanya punje, na kasi yake ni kubwa kwenye nyuzi 14 hivi, ambazo ziko karibu na za usiku wa Julai. Punje hizo si sukari iliyoongezwa.

Ubaya unaingia kwenye kupima. Ukichota juu ya dumu la lita 20 lililoganda nusu, wateja wa kwanza wanapata mafuta mepesi na wa mwisho anapata tope. Kabla ya kufungua, simamisha dumu ndani ya beseni la maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, kwa nusu saa. Kifuniko kiwe kimekazwa. Kisha libiringishe sakafuni mara kumi na kurudi, ndipo upime. Usiliweke kando ya moto, plastiki italainika. Na jihadhari tone la maji lisiingie: mafuta yenye maji hulipuka kikaangoni, na mama aliyeunguzwa na mafuta yako hatarudi.

Friji

"Soda ya moto ipo?" Msimu huu ndilo swali. Acha kreti nzima nje ya friji, na ndani bakiza chache kwa wanaotaka baridi. Punguza namba ya baridi, au zima kabisa uokoe umeme wa LUKU. Ukizima, toa kila kitu, futa, kausha, na uache mlango umeachia vidole viwili kwa kuweka boksi lililokunjwa. Friji iliyozimwa na kufungwa huota ukungu mweusi kwenye raba ya mlango, na harufu yake huingia kwenye maji ya chupa.

Ila maziwa mabichi usiyatoe. Baridi ya usiku hapa ni nyuzi 12 au 13. Maziwa yanataka karibu 4.

Jiko

Usiwashe jiko la mkaa ndani ya duka lililofungwa. Ukilala dukani, hata kidogo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na hutoa hata baada ya moshi kuisha na makaa kuwa mekundu yenye majivu juu. Wako wanaoweka sufuria ya maji pembeni wakiamini maji yatanyonya hiyo gesi. Hayanyonyi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na huo usingizi ndio unaoua kwa sababu mtu anadhani amechoka. Ukijisikia hivyo, toka nje kwanza, mtoe na mwenzako, kisha nendeni hospitali hata kama mmeanza kupata nafuu. Jiko likae barazani, upande ambao upepo hausukumi moshi kuingia ndani.

Joto la mwili linaanzia miguuni, kwa kuwa sakafu ya saruji inakunyonya kutwa nzima. Kunja maboksi matatu ya bidhaa, yalaze chini ya meza unaposimama, na yabadilishe yakilowa. Soksi jozi mbili, kofia, shuka la Kimasai mapajani unapokaa. Chupa ya maji ya moto ndani ya sweta nayo husaidia sana, ila maji yasiwe ya kuchemka, kwani chupa ya maji ya kunywa hujikunja na kuvuja.

Na chai. Kwa chupa ya lita moja: maji nusu lita, maziwa nusu lita, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba iliyotwangwa, majani vijiko viwili vya chai vilivyojaa. Chemsha tangawizi na maji kwanza, dakika tano au saba, ndipo uweke maziwa na majani. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla haijachemka huyakata, na utapata mabonge. Pikia nyumbani au barazani, na chupa uisuuze kwa maji yanayochemka kabla ya kujaza. Chupa baridi hukunyang'anya joto la kikombe cha kwanza.

Kofia moja kati ya mteja na mteja

Kuanzia saa nne mpaka saa tisa wateja huwa wachache, na mikono isiyo na kazi hupoa. Kufuma kunafaa duka kuliko michezo ya bao au drafti, kwa sababu hakuna mwenzako wa kumkatiza. Tumia sindano ya ndoano, kama ile ya vitambaa vya makochi ila nene, milimita 5. Sindano mbili ndefu hazifai kaunta: ukiziweka chini haraka kupima mchele, vitanzi kumi vinachomoka. Ya ndoano ina kitanzi kimoja tu. Kivute kiwe kirefu, weka chini, hudumia, rudi.

Nunua uzi mnene gramu 100. Fuma vitanzi vinne vya mnyororo, unganisha viwe duara. Kila nguzo hufumwa hivi: zungusha uzi mara moja kwenye ndoano, ingiza, vuta uzi, sasa vipo vitanzi vitatu, vuta kupitia viwili, kisha kupitia viwili vilivyobaki. Mzunguko wa kwanza weka nguzo 12 ndani ya duara. Wa pili, mbili juu ya kila moja: 24. Wa tatu ongeza moja kila baada ya nguzo moja: 36. Wa nne kila baada ya mbili: 48. Wa tano kila baada ya tatu: 60. Laza mezani; inapaswa kuwa sahani bapa yenye upana wa sentimita 16 hivi. Ikiwa na mawimbi ukingoni, umeongeza kupita kiasi. Ikijikunja kama bakuli, umesahau kuongeza au unakaza mno uzi. Fumua mzunguko huo sasa, haitajirekebisha yenyewe.

Kutoka hapo fuma 60 bila kuongeza, mizunguko minane au tisa, mpaka kutoka kileleni hadi ukingo iwe sentimita 21. Hesabu kila ukimaliza mzunguko, kwa maana mteja akikuita katikati ndipo nguzo hupotea. Chomeka pini ya nguo mahali mzunguko ulipoanzia. Ukimaliza, bakiza uzi wa shubiri moja, upitishe ndani ya nguzo kwa sindano ya magunia, nenda upande mmoja kisha rudi, ndipo ukate. Ukikata karibu na fundo, fundo likiteleza kofia hufumuka kuanzia ukingoni.

Uzi utunze kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na mafuta ya taa na mkaa, kwa sababu harufu ya mafuta ya taa ikishaingia kwenye uzi, kufua mara moja hakuitoi.