Namna ya Kuongoza Mjadala wa Riwaya ya Mapenzi ya Krismasi Wasomaji Wanapotofautiana

Kila Desemba kikundi chetu cha wasomaji hapa Kisumu huchagua riwaya moja ya mapenzi yenye kisa cha Krismasi, na kila Desemba wanachama hugawanyika. Wapo wanaofika wakikiri kwamba kitabu kiliwaliza, na wapo wanaosema walikimaliza kwa sababu tu walikuwa wameahidi. Miaka ya kwanza tuliziacha pande hizo mbili zibishane hadi chai ikapoa, kisha tukapiga kura kama kitabu ni kizuri au kibaya, na kila mtu akarudi kwake na maoni yaleyale aliyokuja nayo. Ninawaandikia wanaoongoza vikundi kama hicho, iwe ni kanisani, maktabani au sebuleni, kwa kuwa nimeona kwamba tofauti hizo zina faida kubwa pale kiongozi anapoacha kuuliza kama kitabu kilipendeza, akauliza ni katika ukurasa gani msomaji alilia, na ni katika ukurasa gani alitaka kukifunga.

Kitabu kianze kuzungushwa mapema Novemba, hasa ikiwa nakala ni chache. Sisi tukiwa tisa wenye nakala tatu, tunampa kila mtu siku kumi. Mkutano uwekwe kati ya Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, na tarehe 20. Baada ya hapo watu hutawanyika kwenda makwao Siaya, Vihiga na Busia, nauli hupanda, na wageni kutoka Nairobi huanza kuwasili. Usikubali kuahirisha hadi Januari. Tulijaribu mara moja, na karo na sare za shule zilikuwa zimejaa vichwani kiasi kwamba hata waliokipenda kitabu mwezi uliotangulia hawakukumbuka walichokipendea.

Kabla ya kugawa nakala, lifunike jalada kwa gazeti. Majalada ya riwaya hizi hufanana: theluji, taa za rangi, utepe mwekundu, wapendanao wawili waliokaribiana nyuso. Msomaji anayeziheshimu riwaya dhati pekee, yaani zile nzito za kifasihi, huliona jalada hilo akawa amekwisha kuhukumu, na msomaji anayezipenda hadithi za aina hii huliona akawa amekwisha kusamehe. Mhakiki Mwingereza I. A. Richards aliwapa wanafunzi wake wa Cambridge mashairi yasiyokuwa na majina ya watunzi, akakusanya maoni yao kwa maandishi, kisha mwaka 1929 akachapisha kitabu kilichoonyesha jinsi wasomaji walioelimika walivyopishana mbali mno juu ya maneno yaleyale. Mambo mawili ninayachukua kwake. La kwanza ni hilo la kuficha linaloweza kumtangulia msomaji. La pili, ambalo ni muhimu zaidi, ni kuandika kabla ya kusema: kila mwanachama apewe kadi, aandike namba ya ukurasa uliomgusa, namba ya ukurasa uliomchosha au kumuudhi, na sentensi moja ya sababu. Kadi zikusanywe kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, kwa sababu katika vikundi vyetu anayezungumza kwanza huwa ni mwenye umri au cheo, na wengine humfuata kwa heshima.

Kisha weka wazi kanuni za utanzu wenyewe, kwa dakika tano tu. Hii ni riwaya pendwa, yaani ya kuburudisha wasomaji wengi, na msomaji wake anajua tangu mwanzo kwamba wawili hao wataoana; raha yake imo katika njia, kama mtu anayerudi nyumbani na kutazama kila kituo ingawa anajua gari litaishia wapi. Kisa cha Krismasi nacho kina desturi yake ya moyo mgumu unaolainika kabla ya usiku kwisha. Desturi hiyo na soko lake ni vya zamani: hadithi ya Krismasi ya mwandishi Mwingereza Charles Dickens, A Christmas Carol, ilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na nakala zake 6,000 za kwanza zilikwisha kabla ya sikukuu. Ukilieleza hili mapema, lile lalamiko la «nilijua mwisho» litaacha kumeza saa nzima.

Sasa soma kadi, ukizipanga kwa namba za kurasa. Hapa ndipo pa kukaa sana. Riwaya tuliyosoma mara ya mwisho ilihusu mjane mwenye duka la mikate katika mji mdogo wa Marekani, ambaye mkesha wa Krismasi anapokea kutoka kwa mpeleka barua kifurushi kilichotumwa na marehemu mumewe na kupotea njiani kwa miaka miwili. Ndani mna glavu na barua, na huyo mpeleka barua, mabega yake yakiwa na theluji, ndiye atakayempenda. Kadi ya mwalimu mmoja mstaafu na kadi ya muuguzi mmoja zilitaja ukurasa uleule, mmoja kama mahali alipotaka kukifunga kitabu na mwingine kama mahali alipolia. Nilimwomba muuguzi atusomee ukurasa huo kwa sauti, polepole, na kila mmoja wao ainue mkono ilipofika sentensi yake. Mwalimu aliinua mkono pale barua inapombariki mke aolewe tena, akaeleza kwamba mwanamume mzima ambaye hakujua kuwa atakufa hawezi kuandika namna hiyo, na kwamba mwandishi ameuingiza mkono wake mwenyewe ndani ya bahasha. Muuguzi alikuwa ameinua wake mistari mitano kabla, pale mjane anapoinusa karatasi kabla ya kuisoma. «Mwalimu,» alisema, «mimi barua yenyewe hata sikuifuata vizuri. Nililia kwa sababu ya ile harufu. Nimewaona watu wakizinusa nguo za wagonjwa wao wodini.»

Pande zetu mbili hazikuwa zimesoma ukurasa mmoja kwa namna mbili. Zilikuwa zimesimama kwenye sentensi mbili. Mwalimu alikubali kwamba ile ya kunusa karatasi imeandikwa na mtu anayejua msiba, na muuguzi akakubali kwamba barua ni ndefu mno. Mwalimu hakukipenda kitabu hata baada ya hapo, wala sikumtaka akipende. Kiongozi asilenge kuwapatanisha. Alenge kila mtu aondoke akijua kwa hakika ni neno gani lililomfanyia kazi na ni lipi lililomshinda.

Mara nyingi ugomvi huwa juu ya sadfa. Riwaya hizi zimejengwa kwa sadfa: gari linaharibika mbele ya nyumba iliyo sawa, mtoto anapotea akapatikana na mtu aliye sawa. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza, na msomaji aliyekwisha kumpenda mhusika huita sadfa muujiza, hali asiyempenda huiita uvivu wa mwandishi. Usiwaache warushiane majina hayo. Waulize kama kabla ya sadfa hiyo mwandishi alikuwa ameshaufanya uhusiano wa wahusika uaminike, na wairudie sura iliyotangulia kutafuta ushahidi. Hili huchukua muda, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu wasomaji huanza kupekua kurasa badala ya kuinua sauti.

Lipo pia jambo la mahali tunaposomea. Theluji katika riwaya hizi huwafungia wapendanao ndani, na kwa msomaji wa Kisumu, ambako Krismasi huja na joto, ni pambo la kadi tu. Lakini mwanachama wetu wa Ahero, ambaye amewahi kuona barabara ikifunikwa na maji ya mto Nyando, alisema wazi kwamba njia inapokatika watu hawapendani kwanza. Wanauliza nani ana unga. Kwa upande mwingine, pale mwanamume anapotembea usiku kucha ili afike kwa mpenzi wake kabla ya alfajiri, walioguna kwamba ni uongo walijibiwa na mtu aliyewahi kulala kwenye steji Nakuru akisubiri gari la kumfikisha kwao mkesha wa sikukuu. Mwachie kila mmoja apime kitabu kwa alichopitia, mradi aseme pia ni nini alichopitia.

Swali lililotufikisha mbali zaidi liliulizwa na mama mmoja mjane: «Mashemeji wako wapi?» Katika riwaya nzima, mjane wa duka la mikate anaamua peke yake, hakuna ndugu wa mume anayefika, wala hakuna mzee anayetaka kusikilizwa. Katika jamii ya Waluo, ambako suala la kumrithi mjane linajulikana katika kila ukoo na watu hawakubaliani juu yake, ukimya huo una sauti kubwa. Wanawake wawili walisema ukimya huo ndio uliowapendezea kitabu, kwa kuwa waliona uhuru ambao hawajauona kwa majirani. Yule mama alisema ndio uliomfanya ashindwe kulia, maana machozi ya mtu asiye na familia ni mepesi kuyaandika. Sikuongeza neno. Palipo na jibu kama hilo, kazi ya kiongozi ni kunyamaza na kuangalia saa isimkate mtu.

Angalia pia lugha mtakayotumia. Kiswahili hakina neno moja la kuitaja hadithi inayobana hisia za msomaji ili zitoe machozi, na pengo hilo linafaa kutumiwa. Waambie wanachama waeleze kwa maneno yao. Mmoja wetu alisema «chai iliyozidi sukari», mwingine «kitabu kinachonilia kabla sijalia mimi», na maelezo hayo yalitufaa kuliko istilahi yoyote, kwa sababu la pili lilituonyesha kasoro halisi: mwandishi alikuwa akitaja majonzi kabla hajaonyesha kilichoyaleta. Richards aliliona jambo hilohilo, kwamba hisia huchukiza inapokuwa kubwa kuliko kilichoizua.

Wapo wanachama ambao makanisa yao hayaadhimishi tarehe 25 Desemba, na wapo Waislamu. Wape nafasi ya kusoma kisa kama kisa cha mapenzi, na usiwageuze wasemaji wa imani zao.

Mtu akilia mkutanoni, usikimbilie kubadilisha mada. Mpe maji, muulize kwa upole, «Mama, tuendelee au tusubiri?», na usifuate anachosema kwa maswali juu ya kitabu. Kwa upande wa pili, mkatize mara moja anayemcheka aliyelia, hata akiwa mzee, ukitumia adabu: «Baba, kadi yako tutaisoma pia, na yeye ataisikiliza.» Mtu aliyedhihakiwa kwa machozi yake mwaka huu ataandika uongo kwenye kadi mwaka ujao.

Mwishoni, usipige kura. Tia kadi zote katika bahasha, uibandike nyuma ya kitabu ndani ya lile gazeti la jalada. Atakayekiazima kitabu baadaye akisome bahasha ikiwa imefungwa, aandike kadi yake, na baada ya hapo ndipo aifungue na kuona wengine walisimama kwenye kurasa zipi.