Vuli si wakati wa kumwagia kichuguu dawa

Kila vuli ikishika Malindi, kuanzia Ganda hadi Magarini, kosa ni lile lile: mvua ya kwanza ikinyesha, mkulima anakimbilia kumwaga dawa kichuguuni. Siku mbili baadaye kuku wanakufa mmoja mmoja, na lawama zinamwendea jirani.

Hebu tuelewane. Dawa nyingi za mchwa za siku hizi huua polepole kwa makusudi, ili mchwa aibebe hadi ndani na kuwapaka wenzake. Polepole hiyo ndiyo hatari Novemba. Kumbikumbi wamejaa ndani wakingoja mvua. Wanatoka wazima, wanaruka, na sumu wanayo mwilini. Kuku anawadonoa, watoto wanawakaanga, kozi, ndege mdogo mwindaji, anawanyaka angani. Na kumbikumbi mwenyewe hali mahindi! Anayekata shina ni mchwa mfanyakazi, tena zaidi wakati wa ukavu, mahindi yakikaribia kukomaa. Unagharamika kumuua asiyekudai.

Huyo kozi ni kozi wa Amur, mzaliwa wa Siberia ya mashariki na kaskazini mashariki mwa Uchina. Uzao ni mmoja tu kwa mwaka. Oktoba hukusanyika Nagaland, India, kisha huvuka bahari kama kilomita 3,000 bila kutua, na kupita Afrika Mashariki Novemba na Desemba akielekea kusini. Ndege wa gramu 150 aliyemaliza mafuta yake baharini lazima ale jioni hiyo hiyo. Akirudi, Aprili na Mei, masika imeshika na kumbikumbi wanatoka tena.

Wapo wanaompiga manati eti ni mwewe, mwizi wa vifaranga. Mwewe ana sentimita 55 na mkia wenye panda. Huyu ana kama 30, miguu yake ni ya chungwa, na riziki yake ni panzi, kumbikumbi na kereng'ende.

Basi dawa itiwe Januari, au Julai na Agosti. Kipimo ni cha kwenye lebo, kwa sindano ya mililita 20. Kifuniko cha chupa si kipimo! Kaa mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kama kichuguu ni kimoja, acha dawa, chukua jembe: chumba cha malkia ni donge gumu katikati, karibu na usawa wa ardhi. Toa donge zima, maana mfalme naye yumo.

Umeshamwaga? Zima taa za nje, zinawavuta kumbikumbi. Fungia kuku, fagia kumbikumbi alfajiri, wafukie futi 2 chini, na usiache mtoto aokote hata mmoja. Rudia kila siku mpaka waishe kutoka.

Ukitaka kujua kama dawa imefanya kazi, toboa kichuguu: tundu likikaa siku 3 bila kuzibwa, mchwa wamekwisha.