Jinsi ya Kuandika Ombi la Fedha za Kupanua Kituo cha Taifa cha Falaki

Anza na uendeshaji, ujenzi ufuate. Wengi wanaopewa kazi hii hukimbilia ukubwa wa darubini mpya. Mimi nikiletewa rasimu hufungua kwanza jedwali la matumizi ya kawaida, na mara nyingi nakuta neno moja tu: “matengenezo”. Rasimu hiyo nairudisha.

Chukua kioo kikuu cha darubini, kile kinachokusanya mwanga wa nyota. Uso wake hupakwa utando wa alumini wenye unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Vumbi na unyevu huula, na mwanga unaofika kwenye kamera hupungua. Kwa hiyo kila baada ya mwaka mmoja au miwili kioo hushushwa, alumini ya zamani huondolewa kwa kemikali, kisha kioo huingizwa kwenye tangi lililonyonywa hewa na kupakwa upya. Hapo unahitaji kreni, tangi, mafundi waliofundishwa, na siku kadhaa ambazo darubini haifanyi kazi. Kila kimoja kiwe na mstari wake. Darubini ya SALT (Southern African Large Telescope, yaani Darubini Kubwa ya Kusini mwa Afrika) iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ina vioo 91 vya pembe sita, kila kimoja kama mita moja, kwa hiyo huko vioo hupakwa kwa zamu mwaka hadi mwaka.

Kadirio ninalotumia ni kutenga kila mwaka asilimia 5 hadi 10 ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya kuendesha kituo. Piga hesabu ya miaka 10, na ahadi ya wizara uipate kwa maandishi kabla ya jiwe la msingi.

Weka pia fungu la dharura. SALT ilizinduliwa 2005, kisha picha zake zikaonekana kuwa na kasoro, na marekebisho yakachukua miaka kadhaa. Bila akiba, kasoro ya namna hiyo inaua mradi.

Kuhusu washirika, SALT ni mfano mzuri. Wamo Wapoland, Wahindi, na vyuo vikuu vya Marekani, na kila mshirika hupata muda wa darubini kulingana na mchango wake. Mchango si lazima uwe fedha taslimu: Chuo Kikuu cha Wisconsin kiliongoza utengenezaji wa kifaa kikubwa cha SALT cha kuchambua mwanga. Usanifu nao uliazimwa kwa darubini ya Hobby-Eberly ya Texas, na hilo lilipunguza sana gharama. Azima bila aibu. Ila kwenye mkataba, simamia kwa nguvu zako zote fungu la muda wa wanafunzi wa nchi yako. Mwanafunzi asiyepata muda wa kuangalia anga kwa darubini ya taifa lake amenyimwa haki yake, na hilo linaniuma kuliko bajeti kukatwa.

Giza lilindwe kisheria. Afrika Kusini ilitunga sheria yake ya kulinda maeneo ya falaki 2007. Kama nchi yako haina, ombi la sheria liambatane na ombi la fedha. Taa za mji unaokua hazisubiri.

Mwisho, mpe rasimu afisa bajeti asiyejua lolote kuhusu nyota. Kila swali atakaloliuliza, jibu lake liandike ndani ya andiko, palepale alipokwama.