Kufundisha madogo kupiga picha kwa simu, na jinsi video za matangazo zilivyonisaidia

Mi nasoma media mwaka wa pili. Muhula uliopita nilikuwa na mambo mawili kwa mpigo, chuoni tulipewa kazi ya kuchambua video za matangazo ya utalii wa pwani, na kila Jumamosi nilikuwa napanda daladala kwenda Bagamoyo, kilomita kama 70 kutoka Dar, kukaa na madogo 12 wa sekondari wanaopenda picha. Mwanzoni niliona ni vitu viwili tofauti kabisa, mpaka siku niliyowaonyesha moja ya zile video, binti mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Dada, mbona samaki wapo kwenye sahani tu, waliowavua wako wapi?" Aisee nilikuwa nimeiangalia ile video zaidi ya mara kumi na hilo sikuliona. Kuanzia hapo nikawa nafundisha vyote pamoja, na naandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kufanya hivi mtaani kwake, maana inawezekana na hela haihitajiki nyingi.

Vifaa

Usisubiri kamera. Sisi tulikuwa na simu nne na kamera moja ya zamani ya kuazima ambayo betri yake ilikuwa haimalizi asubuhi, kwa hiyo watoto watatu simu moja, na hiyo iligeuka kuwa faida kwa sababu mmoja akipiga wawili wanaangalia, na anayeangalia anajifunza sana kuliko unavyodhani. Kabla ya chochote kila mtu afute lenzi kwa kitambaa safi. Nasema hili kwa msisitizo kabisa, simu inakaa mfukoni, inashikwa na mkono uliotoka kula chipsi, halafu picha zinatoka na ukungu mtu anasema simu yake mbovu. Washa gridi (ile mistari ya kunyooshea picha kwenye skrini) kwenye seting, zima ile biuti inayolainisha ngozi, futa takataka storeji ipumue. Na zumu ya vidole waambie waisahau, ukitaka kitu kiwe kikubwa sogea kwa miguu.

Siku ya kwanza hakuna kupiga

Hapa watoto watanuna ila we kaza. Siku ya kwanza tulikaa pale ufukweni karibu na soko la samaki, simu zote kwenye begi langu, kazi ni moja tu, mwanga unatoka wapi na unaangukia wapi. Bagamoyo bahari iko upande wa mashariki, yaani jua linachomoza baharini na linazama nyuma ya mji. Sasa ukielewa hicho kitu kimoja umeshapata nusu ya somo, kwa sababu asubuhi ukielekeza simu baharini mashua na ngalawa zinatoka nyeusi tupu kama vivuli, nzuri kwa picha ya umbo ila sura ya mtu huipati, lakini jioni kuanzia saa 11 we upe tu mji mgongo, mtu asimame mbele yako bahari ikiwa nyuma yake, uso wake wote unapata ile rangi ya asali. Watoto wamekulia pale na walikuwa hawajawahi kulifikiria hilo. Kama uko kwingine, tafuta jua la kwenu linaingilia wapi kabla hujampeleka mtoto yeyote.

Mchana saa 6 saa 7 jua liko utosini, macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Usilazimishe. Mtoe juani mweke ukingoni mwa kivuli cha banda, aangalie upande wenye mwanga, mchanga wenyewe unarudisha mwanga kwa chini unajaza uso vizuri tu.

Uso mweusi usiwe giza

Hili ndilo nililokaa nalo muda mrefu kuliko yote, jumamosi tatu nzima, na sijutii. Kamera haijui inaangalia nini. Inachofanya ni kujaribu kuileta picha nzima kwenye ukijivu wa katikati, kwa hiyo nyuma kukiwa na anga jeupe au bahari inayometa, inapunguza mwanga wa picha yote na uso wa mtu wetu unapotea. Nyuma kukiwa na jiko lenye masizi inafanya kinyume, inaongeza mpaka ngozi inakuwa kama imepakwa unga. Na watoto waambie ukweli wa historia pia, kwamba kwa miaka mingi maabara za filamu za Kodak zilikuwa zinapimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kwa hiyo bibi zetu waliotoka giza kwenye picha za zamani shida haikuwa ngozi zao. Niliposema hivyo palikuwa kimya kwa muda.

Jinsi ya kufanya: gusa uso wa mtu kwenye skrini, shikilia kidole mpaka ifunge, halafu telezesha kile kialama cha jua juu au chini mpaka uone ngozi ina uhai, unaona jasho linang'aa kwenye paji la uso na kivuli chini ya shavu. Anga likiungua kidogo acha liungue, tumekuja kwa ajili ya mtu.

Yule binti alikuwa anampiga mama mmoja anayekaanga samaki. Picha ya kwanza, mama ni kivuli na bahari nyuma inawaka. Sikuishika simu yake. Nilimuuliza tu, "Nini kinaonekana zaidi hapo?" akasema bahari. "Ulitaka kuonyesha nini?" akasema mama. Akakaa akafikiria, akazunguka karai upande wa pili, akachuchumaa, akagusa uso, akavuta juu kidogo. Picha iliyotoka unaona mvuke wa mafuta unapita mbele ya kanga, unaona magamba yaliyogandia mkononi, na jicho moja la mama limefinywa kwa sababu ya moshi. Sasa kama ningechukua simu nimwonyeshe, ile picha ingekuwa yangu. Kwa hiyo kanuni yangu moja kwa mlezi yeyote ni hiyo, simu ibaki mkononi mwa mtoto, we uliza.

Kuomba ruhusa

Shikamoo kwanza, simu baadaye. Unaeleza we ni nani, picha ya nini, itakwenda wapi, akikataa unashukuru unaondoka, akikubali ukimaliza unamwonyesha na kama haipendi unaifuta mbele yake. Kwa mtoto mdogo ni mzazi ndiye anayekubali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, ila kwa mila zetu hata kabla ya sheria mtu huingii kwake bila hodi. Na ukiweza print picha uwarudishie. Pale Unguja mjini kuna Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, watu walivaa nguo zao nzuri wakaenda wenyewe kupigwa. Huo ndio uhusiano ninaoutaka kati ya mpigaji na mpigwaji, mtu anajua anapigwa na amejiandaa anavyotaka kuonekana.

Sasa zile video

Chagua video moja fupi ya matangazo, sekunde 60 hivi, ya hoteli au ya utalii au hata ya sabuni, idownload kabla ili usimalize bando. Iangalieni mara tatu. Ya kwanza sauti umezima. Ya pili geuzeni simu kifudifudi msikilize tu. Ya tatu vyote. Kila mtoto na daftari, safu nne: sekunde ya ngapi, naona nini, kiko mbali au karibu, nani yupo. Kila picha inapokatika piga mstari. Hii kazi inachosha na ndiyo maana inafundisha, maana mtoto akishapiga mistari 35 kwa dakika moja anaelewa mwenyewe kwamba kwa wastani shoti moja (kipande kimoja kabla picha haijakatika) haikai hata sekunde mbili, na kwamba kile kitu alichokiona kizuri kimejengwa na mtu.

Tulipofanya hivyo kwa video kadhaa mambo yakaanza kujirudia. Inaanza na droni juu ya maji ya bluu, inafuata miguu kwenye mchanga, glasi yenye barafu, mgeni anacheka, wenyeji wanacheza ngoma, jua linazama, nembo na namba ya simu. Zile zilizopunguzwa spidi niliwaeleza zinafanywaje, unarekodi fremu (yaani picha mojamoja zinazounda video) 50 kwa sekunde unaichezesha kwa 25, kila kitu kinachukua muda mara mbili na hata mtu anayemwaga maji anaonekana ana jambo zito. Halafu maandishi, ni machache mno. Wakaleta wenyewe mfano wa jezi, Visit Rwanda kwenye mkono wa Arsenal walivyoanza 2018, maneno mawili na kila mtoto wa mtaani anayajua.

Baada ya hapo niliwauliza swali lao wenyewe, nani hayupo? Daftari zikajaa. Hayupo anayefanya kazi. Hakuna mwenyeji anayeongea, wanatabasamu tu. Ufukwe mtupu wakati pale pale sa hivi kuna mnada. Mi sisemi watengenezaji ni wabaya, wanauza mapumziko na mtu anayepumzika hataki kuona mtu anatokwa jasho, ila mtoto wa mvuvi akiangalia video kumi za kwao na baba yake hayumo hata moja, kuna kitu anajifunza hapo na si kizuri. Ndo maana ni lazima atengeneze ya kwake.

Kutengeneza ya kwenu

Tuliamua sekunde 45 kuhusu yule mama wa samaki, kwa ridhaa yake. Shoti tano tu: mikono yake kwa karibu, uso wake, yeye na banda lote kwa mbali, juu ya bega lake tunaona anachokiona, na ya tano kila kundi lichague lenyewe (kundi moja lililaza simu chini kwenye magogo ya kuni, ilitoka poa sana). Kila shoti usiondoe simu kwa sekunde 10, hesabu kimoyomoyo. Watoto huwa wanaizungusha simu huku na huku kama wanatafuta netiweki, waambie simu itulie, anayetembea ni mama.

Sauti ndiyo inaua video nyingi za ufukweni kwa sababu ya upepo. Mwongeaji aupe upepo mgongo, simu ya pili iwekwe karibu naye nje ya fremu ikiwa imefunikwa kitambaa chepesi, hiyo ndiyo inarekodi sauti, utakuja kuiunganisha kwenye CapCut, ile app ya kuhariri video. Muziki wa msanii usiuchukue hivihivi, kazi za watu zina haki na COSOTA, wale wa hakimiliki, wapo, na kwa kweli hatukuuhitaji, mafuta yanayochemka na kelele za mnada kwa nyuma vilitosha.

Mkipiga usiku chini ya taa mtaona mistari myeusi inapanda kwenye skrini. Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi zinapepesa mara mbili ya hapo, mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kama simu inaruhusu seting za mkono weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) sekunde 1/50 au 1/100 na fremu 25 kwa sekunde, mistari inatulia.

Halafu kopi. Jumamosi ya tano nilifomati memori kadi ya ile kamera nikidhani picha nimeshazihamisha, na zilikuwa hazijahama, kazi ya wiki mbili ya watoto wanne ikaondoka. Niliwaomba msamaha mbele ya wenzao na tukarudi kupiga upya. Tangu hapo hakuna kufuta mpaka picha ziwe sehemu mbili, na mtoto mwingine tofauti na aliyehamisha azifungue ahakikishe.

Wakati wa kuangalia kazi, kila mtoto alete picha tatu tu, si hamsini, kuchagua ni nusu ya kazi. Mwenye picha anakaa kimya, wenzake wanasema wanaona nini kabla ya kusema nzuri au mbaya. Siku moja wakaanza kusema kazi hii ni ya watu wa Ulaya, nikawaeleza habari za Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzisha Camerapix hapo Dar mwaka 1963, ndiye aliyerekodi njaa ya Ethiopia mwaka 1984 dunia nzima ikasimama, akapoteza mkono kwenye mlipuko Addis Ababa mwaka 1991 na akarudi kazini na mkono wa bandia. Waliomba niwaonyeshe picha zake mpaka chaji ikaisha.

Video ilipokamilika tukampelekea mama palepale kwenye banda lake. Akaifuta mikono kwenye kanga, akashika simu kwa mikono miwili, akaangalia mpaka mwisho kabisa ambapo madogo walikuwa wameandika majina yao yote 12. Akasema, "Nzuri wanangu. Ila jina langu mbona halipo?" Tulikuwa tumelaumu video za watu muhula mzima na sisi tumefanya vilevile. Binti wa kidato cha pili akakaa palepale kwenye ndoo, akafungua CapCut, akamuuliza anaandikaje jina lake, akaliweka la kwanza, juu ya yao, sekunde tatu. Mama akaomba airudie kutoka mwanzo.